Ubao Mfupi wa Kijani

Siku ya thelathini na nne tangu mdogo wake afariki, Bonareri alipanga vikombe vitano kwenye sinia, akasimama akiviangalia. Cha baba, cha mama, chake mwenyewe, na viwili vya wageni. Mvua ya mchana ya Nyansiongo ilikuwa imeanza kupiga mabati, na ng'ombe watatu wa maziwa walilalamika zizini, kwa maana mtu aliyezoea kuwaita kwa majina hakuwepo tena.

Mama yake aliingia jikoni. Kabla ya msiba, Mokeira alikuwa mwanamke wa mwili na sauti, mtu wa kusikika kutoka ng'ambo ya shamba la chai. Sasa gauni lilimning'inia, na ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee. Aliviangalia vile vikombe vitano. Akachukua viwili vya wageni, akavigeuza, midomo ikaangalia chini.

"Mama, watu wametoka Kisii na mvua hii," Bonareri alisema.

"Hata wangetoka wapi. Chai ya nyumba hii haitapita kwenye koo la mtu aliyeniulia mtoto. Mpaka maneno yaishe, hatuli naye, hatunywi naye. Au wewe ulilelewa wapi?"

Bonareri alilelewa papo hapo, na alijua. Kwao jambo hilo halikuandikwa popote wala halikuhitaji kuandikwa. Palipo na damu kati ya watu, chakula hungoja maneno. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogeka.

Mtu mwenyewe aliyekuwa akinyimwa kikombe alikuwa ameketi sebuleni, ametenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Mogire. Mwanamume aliyetakiwa kuja katika nyumba hii mwezi wa nane akiwa na wazee wa ukoo wao, waje wamwombe Bonareri kwa heshima. Badala yake alikuja leo kujibu kifo cha Walter, mdogo wake Bonareri, na aliyemsindikiza ni baba yake mdogo, Gibson, mzee wa kanisa la Kisabato kule Nyamira.

Na jambo moja nyumba nzima haikulijua, ila watu wawili tu. Mogire hakumuua Walter. Ubao wa magurudumu uliomtupa Walter mteremkoni alipewa na dada yake, kwa mkono wake mwenyewe, huyu huyu aliyekuwa jikoni anakoroga chai. Siku thelathini na nne alikuwa amenyamaza, na mwanamume anayempenda alikuwa akibeba lawama yake.

Msimharakishie hukumu. Mtafika tu.

* * *

Walikutana miaka miwili nyuma pale soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Bonareri alitandika nguo za mitumba za watoto, na jirani yake mpya akafungua kibanda cha vifaa vya michezo, navyo vya mitumba: viatu vya mpira, raketi zilizokatika nyuzi, na ukutani, zimepangwa kwa urefu, mbao zenye magurudumu. Bonareri alicheka mpaka mama wa ndizi wa upande wa pili akageuka.

"Mji wote huu ni kupanda na kushuka," alimwambia. "Nani atanunua hizo?"

"Ndiyo maana nauza za aina mbili," Mogire alijibu. Hakuudhika. Alishusha mbao mbili, akazilaza mbele yake. "Hii fupi ni kruza. Unaona mkia wake ulivyoinuka? Ukiukanyaga, pua inanyanyuka, unakata kona hata katikati ya watu wa ndizi. Ni ya mjini. Unatoka dukani, unafika posta, unaitia kwapani unaingia benki. Hii nyingine ni longibodi. Yenyewe haipendi kona za ghafla. Ekseli zake pana, magurudumu makubwa na laini, na kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni hatua nzima. Mwenye safari ndefu anataka hii. Mwenye mteremko anataka hii. Ikishika kasi, inatulia."

"Na fupi ikishika kasi?"

"Inatetemeka. Inaanza kidogo tu, halafu haisikii mguu tena."

"Kumbe ni kama wanaume," Bonareri alisema.

Mogire alimwangalia. Alikuwa na macho ya mtu asiye na haraka, macho yanayokaa pale yalipotua, na Bonareri akajikuta anakunja upya sweta aliyokwisha kuikunja.

"Basi chagua vizuri," akamwambia. "Wewe unataka kwenda wapi?"

"Mimi? Si mbali."

"Ya kwako ni fupi, basi."

Aliipaka rangi ya kijani, akamletea baada ya wiki moja. Alikuwa amezilegeza nati za ekseli ili ubao ugeuke kwa kuegemea kidogo tu, maana Bonareri ni mwepesi na njia za soko ni nyembamba. "Hii nimeitengeneza kwa ajili ya mwili wako na njia yako," alimwambia. "Usiipeleke mteremkoni. Kwa macho huoni kama imelegezwa, ila kasi itakuambia, na kasi haikuambii mara mbili." Akarudia kumwambia maneno hayo siku nyingine, na nyingine tena, mpaka Bonareri akamwambia ameshasikia, yeye si kiziwi.

Alimfundisha kwenye uwanja wa lami nyuma ya ghala, kila Jumapili Bonareri akitoka misa. Mkono wa Mogire ulikaa nyuma ya mgongo wake bila kuugusa, umbali wa kiganja kimoja, na Bonareri angeweza kuapa kwamba kale kanafasi kalikuwa na joto. Siku alipoanguka, alianguka juu yake. Hakuna aliyeinuka upesi.

Mokeira alipopata habari alizipokea vibaya. "Msabato? Na sisi ni watu wa misa? Watoto watasali siku gani, Jumatano?" Aliyewatetea alikuwa Walter. Walter wa miaka ishirini na minne, aliyekusanya maziwa ya ushirika kwa pikipiki na kujua jina la kila ng'ombe kutoka Nyansiongo mpaka Keroka. "Mama, huyu jamaa wacha tu aje," alisema. "Angalau akiahidi kitu anafanya." Mogire akampa longibodi moja nzuri, na tangu hapo kila Jumamosi Walter na marafiki zake, Bravin na Lewis, walikuwa kwenye ule mteremko mrefu unaokata mashamba ya chai, wanashuka polepole, wanapinda huku na huku, wanapigana picha.

Sasa sikilizeni ilivyokwenda.

Siku ya Ijumaa Walter alileta longibodi yake kibandani kwa sababu magurudumu ya nyuma yalikuwa yakisaga. Mogire aliyafungua yote manne, akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akazipanga juu ya kitambaa. Kisha jua likagusa kilima. Kwao Sabato ikiingia, kazi inalala pale ilipo. Aliweka spana chini.

"Imebaki kazi ya dakika kumi tu," Bonareri alimwambia.

"Nitaimaliza Jumapili," Mogire alijibu, akanawa mikono. Akamwachia ufunguo wa kibanda kama kila wiki, maana kesho yake yeye angekuwa makambini Nyamira, kwenye mkutano wa ibada wa kanisa lao, simu imezimwa tangu asubuhi.

Jumamosi saa nne Walter alifika kwa pikipiki, helmeti bado kichwani. "Siz, bodi yangu iko wapi? Watu wananingoja."

"Imefunguliwa. Njoo kesho."

"Kesho niko na maziwa. Fungua basi nichukue hata nyingine."

Bonareri alikuwa na wateja watatu. Mmoja, mama wa mapacha, alikuwa ameshapangua rundo zima la sweta. Walter aliendelea kumsumbua mpaka sikio likachoka. Ndipo Bonareri alipoinama, akachomoa kruza yake ya kijani chini ya meza, akamsukumia. "Chukua hii unitoke."

Maneno ya Mogire yalimjia. Hili ndilo alilolijua peke yake, na halikumpa usingizi: yalimjia wazi, neno kwa neno, usiipeleke mteremkoni. Alifungua mdomo ayaseme. Mama wa mapacha akauliza, "Iko ya miaka saba?" Bonareri akageuka kumtafutia. Alipogeuka tena, Walter alikuwa amekwisha kuondoka.

Saa nane alipigiwa simu na Lewis, na Lewis alikuwa analia.

Hospitalini, ubao wa kijani ulikuwa umeegemezwa ukutani karibu na viatu vya Walter. Mogire alifika jioni, bado na suti ya kanisani. Aliuona ubao. Akamwangalia Bonareri, na Bonareri akainamisha macho. Basi Mogire akaenda moja kwa moja kwa baba yake Bonareri, akasema, "Mzee, mbao ni zangu. Lawama ni yangu."

Bonareri angesema palepale. Akajiambia atasema kesho. Kesho yake mama alizimia mara mbili. Baadaye kukawa na mazishi, na Mogire alipokaribia kaburi kutupa udongo kama wengine, wajomba walimsukuma nyuma mbele ya umati. Alisimama barabarani, kando ya ua wa majani chai, mpaka watu wakatawanyika. Bonareri alimwona. Kila siku iliyopita baada ya hapo ilifanya neno liwe zito zaidi. Kila jioni Mogire alimtumia ujumbe wa neno moja, "Nipo," naye hakujibu hata mmoja. Wiki iliyopita ujumbe ulikoma kuja.

* * *

"Karibuni, mkae vizuri," baba yake alisema kwa Kiswahili.

Bonareri, aliyekuwa anaingia na sinia, alisimama mlangoni. Mzee Obwocha, baba yake, alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja. Nyumbani alizungumza Ekegusii, lugha ya kwao. Kiswahili alikihifadhi kwa ajili ya mikutano, polisi na hasira.

Mokeira alimimina vikombe vitatu vya nyumbani. Viwili vya wageni vilibaki vimefunikwa juu ya sinia, mbele ya macho yao. Gibson aliviona, akafumba macho kidogo kama mtu anayeomba. Mogire alikuwa amekonda. Shati la kola lilimpwaya shingoni. Hakumtazama Bonareri, na yeye Bonareri hakujua kama hiyo ilikuwa heshima au ndiyo mwisho.

Juu ya meza baba alikuwa ameweka ubao wa kijani. Rangi ilikuwa imekwaruzwa upande mmoja mpaka mti ukaonekana.

Mogire alifungua gunia alilokuja nalo, akatoa longibodi, akailaza kando yake. "Ni ya Walter," alisema. "Aliniachia niitengeneze. Niliimaliza Jumapili asubuhi."

"Jumapili alikuwa ameshakufa," Mokeira alisema.

"Ndiyo, mama. Lakini nilikuwa nimemwahidi."

Mzee Obwocha alinyoosha kidole, akasukuma gurudumu moja. Lilizunguka muda mrefu bila sauti yoyote, na watu wote watano wakalitazama mpaka likasimama.

"Mimi si mtu wa vitu hivi," mzee alisema. "Nielezwe. Kwangu huu ni ubao na huu ni ubao. Tofauti yake ni nini?"

Mogire alisogea ukingoni mwa kiti. Alianza kwa sauti ya chini, na Bonareri akayasikia yale maneno yaliyomfanya akunje sweta mara mbili. Kwamba fupi ni ya mjini, ya safari za karibu na kona nyingi. Kwamba ndefu ni ya barabara, imesimama imara, mtu anaweza kuipunguza kasi kwa kushusha mguu mmoja chini akaburuza kiatu. Kwamba fupi ikishuka mlima huanza kutikisika, na anayeipanda hana nafasi ya kupanga miguu.

"Kwa hiyo mteremko wetu huu, ungempa mtu ipi?"

"Ndefu, mwalimu."

"Na hii ya kijani?"

"Hii singempa hata mtu aliyenikosea. Hii imelegezwa nati. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwepesi, njia za sokoni."

"Walter alijua fupi haifai mlimani?"

"Alijua ndefu ni bora. Hii kulegezwa hakujua. Haionekani kwa macho."

"Nani alijua?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

Mogire aliinamia ule ubao wa kijani. Mvua iliongezeka, na Bonareri alishika ukingo wa sinia kwa mikono miwili.

"Unamtafutia mlango wa kutokea?" Mokeira alimuuliza mumewe. "Kijana ameshakubali. Dakika kumi, Obwocha. Ilibaki kazi ya dakika kumi akaacha, eti jua limezama. Angeimaliza mwanangu angepanda ile nyingine. Angekuwa hapa, anakunywa chai hii."

"Ni kweli, mama," Mogire alisema. "Kila siku nazihesabu hizo dakika."

"Simtafutii mlango," mzee alisema. "Natafuta jibu. Hesabu hii inanikataa." Akamgeukia Gibson. "Ndugu yangu, Jumamosi hiyo kijana wako alikuwa wapi?"

"Makambini," Gibson alijibu. "Alikuwa nami tangu saa moja asubuhi. Alisoma neno, alibeba viti, hakutoka hata kwa chakula. Habari ilimfikia saa kumi, alipowasha simu. Hilo nitalisema mbele ya yeyote."

"Basi hakuwepo Daraja Mbili."

"Hakuwepo."

"Kibanda kilikuwa kimefungwa. Mwanangu hakuvunja kufuli. Kwa hiyo kuna mkono uliompa ubao huu." Mzee Obwocha alivua miwani. "Ni wa nani?"

"Mzee," Mogire alisema. "Mzee, niandike mimi. Niko tayari. Sina neno."

"Mimi siandiki jibu kabla sijaonyeshwa kazi."

Ndipo Mogire alipomtazama Bonareri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Hakumwomba kitu. Macho yale yasiyo na haraka yalikaa juu yake kama yalivyokaa siku ya kwanza sokoni, na ndani yake alisoma yote mawili: kwamba akinyamaza atambebea mpaka mwisho, na kwamba akinyamaza atakuwa amemaliza kila kitu kati yao. Alimpenda wakati huo kuliko siku nyingine yoyote, na alitamani ardhi impokee.

"Ni wangu," Bonareri alisema.

Mama yake alidhani hakusikia. "Nini chako?"

"Mkono. Ubao pia ni wangu, Mogire alinitengenezea mimi. Ufunguo nilikuwa nao mimi, ila ubao huu ulikuwa chini ya meza yangu. Walter alikuja, nikachoka na kelele zake, nikampa." Aliachia ukingo wa sinia. "Mogire hakujua mpaka hospitalini. Alinionea huruma akaubeba mzigo, na mimi nikamwachia."

Baba yake alimwangalia bila miwani, na macho yake yalionekana madogo na ya kizee.

"Ulijua imelegezwa?"

"Nilijua, tata," alisema, akimwita baba kwa lugha yao.

"Uliambiwa isiende mlimani?"

"Mara nyingi."

"Ulimwambia mdogo wako?"

"Nilitaka kumwambia. Mteja akaniita." Hapo machozi yalikuja, yote aliyoyanyima nafasi mwezi mzima. "Niligeuka kidogo tu, tata. Nilipoangalia hayupo."

Mzee Obwocha alivaa miwani yake, akaivua tena. Aliinuka kwa shida, akamwendea Mogire, na Mogire naye akasimama haraka kama mwanafunzi.

"Kijana," alisema, na sasa alizungumza Ekegusii. "Tulikusukuma mbali na kaburi la mwanangu. Mbele ya watu. Mimi niliona, nikanyamaza. Mvua ikipungua nitakupeleka mwenyewe, utupe udongo wako."

Mogire aliitikia kwa kichwa.

Mokeira ndiye aliyekuwa bado ameketi. Hakulia wala hakupiga kelele, na Bonareri angefurahi kama angepiga kelele. Alinyoosha mkono kwenye sinia. Akageuza kikombe cha Gibson, midomo juu, akakijaza. Akageuza cha Mogire, akakijaza mpaka pomoni, akatia sukari vijiko viwili bila kuuliza, kama anavyomtilia mtu wa nyumbani.

Kisha akachukua kikombe cha Bonareri, kilichokuwa kimejaa na hakijaguswa. Alirudisha chai yote kwenye birika taratibu, akakifuta ndani kwa kona ya leso, akakifunika juu ya sinia.

"Mama," Bonareri alisema.

"Kunywa, mwanangu," Mokeira alimwambia Mogire. "Isipoe."

Mogire alikiangalia kikombe chake, akakiangalia kile kilichofunikwa. Gibson alimgusa kiwiko. Kukataa chai ya mama aliyefiwa, siku maneno yalipoisha, kungefungua jeraha upya, na kila mtu chumbani alilijua hilo. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa chote, moto hivyo hivyo, bila kupumzika. Alipokitua, macho yalikuwa yamejaa.

* * *

Bonareri alimkuta Mogire barazani, baba na Gibson wakitafuta mwavuli ndani.

"Uliacha kuniandikia," Bonareri alisema. Ni jambo la kijinga kuanza nalo, lakini ndilo lililotoka.

"Nilichoka kuongea na ukuta."

"Umenikasirikia?"

"Sana, Bona. Sitakudanganya." Alizungumza akiangalia mvua. "Si kwa sababu ya ubao. Ubao ungeweza kutoka mkononi mwangu, ungeweza kutoka kwa mtu yeyote. Ungeniambia jioni ile tungelia pamoja. Mimi nililia peke yangu siku thelathini na nne, nikijua uko mahali unalia peke yako, na simu tunazo wote wawili."

"Niliogopa kuwapoteza wao."

"Najua."

"Leo nimewapoteza, na wewe nimekupoteza."

Mogire aligeuka. Aliinua mkono, akauweka nyuma ya mgongo wake, umbali wa kiganja kimoja, hakugusa. Bonareri alifumba macho. Lile joto lilikuwepo bado.

"Mimi nimekunywa nao," alisema. "Wewe hujanywa. Sitaweza kukaa meza moja na wewe nje ya nyumba hii, kisha niwaangalie machoni. Siku watakayogeuza kikombe chako, nitumie neno moja tu. Nitakuja na wazee, hata kama ni Jumanne, hata kama ni masika."

"Na wasipokigeuza?"

Baba yake alitoka na mwavuli. Mogire alishusha mkono wake, akashuka ngazi, akamfuata mzee kwenye udongo uliolowa.

Bonareri alirudi jikoni. Kutoka dirishani aliwaona chini ya migomba, watatu, wameinamia kaburi, na akaona Mogire anachota udongo kwa kiganja na kuuachia taratibu. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa. Aliosha vikombe vinne, akavipanguza, akavipanga kabatini. Cha tano hakikuwa na cha kuoshwa. Alikishika kidogo, akakiweka pale mezani, kimefunikwa kama mama yake alivyokiacha.